John Browning: Fundi wa bunduki za ndege aliyekataa bei ya mkupuo

Alasiri ya Januari 8, 1902, mwanamume wa miaka 46 alikuwa ameketi katika ofisi za kampuni ya Remington nchini Marekani, akisubiri kuitwa ndani kwa mkuu wa kampuni. Alikuwa na bunduki ya kuwindia ndege ya aina ambayo hakuna kiwanda chochote duniani kilichokuwa kikiitengeneza. Alikuwa ametoka kuvunja uhusiano na mteja wake wa miaka 19, kampuni ya Winchester, na sasa alitafuta mnunuzi mwingine. Badala ya kuitwa, aliletewa habari kwamba mkuu huyo, Marcellus Hartley, amefariki dunia ghafla kwa maradhi ya moyo.

Mtu aliyekuwa akisubiri ni John Moses Browning. Wengi wetu jina hilo tumelisikia likitajwa pamoja na bastola. Wasemao Kifaransa walifika mahali pa kuiita bastola ya aina ile browning tu, kama sisi tunavyoiita dawa ya meno yoyote Colgate. Bastola iliyomuua mrithi wa ufalme wa Austria kule Sarajevo mwaka 1914, na kuwasha vita vilivyofika hadi Tanga na Tabora, ilikuwa ya muundo wake. Lakini kilichomfanya avuke bahari kwa mara ya kwanza hakikuwa bastola. Kilikuwa shotigani, bunduki ya marisau, pamoja na swali ambalo kila mfanyabiashara wa mpakani analijua: uuze mali yako kwa mkupuo leo, au ukubali kulipwa kidogo kidogo kwa kila kipande kitakachouzwa kesho?

Alizaliwa Januari 23, 1855 mjini Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki na Mmormoni aliyehamia huko pamoja na waumini wenzake. Alikuwa na wake watatu na watoto 22, na karakana yake ilipokea karibu kila kitu kilichovunjika. John alikulia kwenye lundo la vyuma chakavu, na alizijua sehemu za bunduki kabla hajajua kusoma vizuri.

Akiwa na miaka kumi hivi, siku ambayo baba hakuwapo karakanani, alichukua mtutu wa gobore bovu, akachonga kipande cha mti kuwa kitako, akavifunga pamoja. Kifyatulio hakikuwapo. Mdogo wake Matt, wa miaka kama sita, alibeba kopo lenye moto, na kazi yake ilikuwa kuwasha baruti kaka yake akishalenga. Walikwenda nyikani, wakakuta kundi la ndege wa jamii ya kwale wakijipaka vumbi. Mlipuko ulimwangusha John chini, lakini ndege watatu walipatikana, na asubuhi wakawekwa mezani kwa baba. Mzee hakumchapa. Alichotaka kujua ni kwa nini mtoto anayekaribia miaka 11 ameshindwa kutengeneza bunduki nzuri zaidi ya ile.

Baba alifariki mwaka 1879. Mwaka huohuo John alimwoa Rachel Teresa Child, na mwezi Oktoba akapata hataza yake ya kwanza, ya bunduki ya risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakafungua karakana ndogo wakaanza kuitengeneza. John alikuwa na kichwa cha kubuni. Matt ndiye aliyekuwa na kichwa cha biashara, wa kushika daftari na kuwabana wadaiwa. Walitengeneza kama bunduki 600, na huenda wangebaki hapo hapo Ogden laiti mwaka 1883 wakala mmoja wa Winchester asingeiona moja ya bunduki hizo na kuipeleka kiwandani. Meneja mkuu wa Winchester, T. G. Bennett, alipanda treni kutoka upande wa pili wa nchi hadi Ogden. Alikuta vijana wenye mikono ya mafuta ndani ya karakana ya kijijini, akanunua haki zote kwa dola 8,000.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu uliodumu miaka 19. Browning anabuni, anapeleka mfano uliokamilika, Bennett anataja bei moja, wanapeana mikono, basi. Winchester ilinunua miundo zaidi ya 40 kwa njia hiyo, lakini iliyotengenezwa kiwandani ni kama 10 tu. Mingine ilinunuliwa ili isifike mikononi mwa washindani. Mtu anaweza kusema Browning alikuwa anapunjwa. Mimi sioni hivyo, si kwa miaka ile ya mwanzo. Fundi asiye na kiwanda wala mtaji, aliye mbali na masoko, alikuwa anapata fedha taslimu kwa kila wazo, hata lile lililokwenda kufungiwa kabatini. Tatizo lilikuja pale alipoleta wazo lenye thamani kuliko yote.

Kabla ya kufika huko, tumwone Browning akiwa na bunduki begani, maana hakuwa fundi wa mezani tu. Miaka ya 1890 yeye, Matt na marafiki wawili, Gus Becker na A. P. Bigelow, waliunda timu ya kulenga shabaha. Majina yao yote ya ukoo yalianza na herufi B, wakaitwa B Nne. Walisifika katika mashindano ya kupiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka vizimbani, mchezo uliokubalika enzi hizo. Katika mchezo huo ndege akishapita mpaka uliowekwa hana hesabu, hata akianguka. Kwa hiyo mpigaji alipaswa kuijua bunduki yake vizuri, hasa ule mdomo wa mtutu.

Shotigani haipigi risasi moja. Inatoa marisau, punje ndogo za risasi, zaidi ya 200 kwa mlio mmoja katika risasi ya kawaida ya namba 12. Mtu anayewatupia kuku konzi ya mtama anajua kinachotokea: karibu na mkono punje zimeshikana, mbali zimetawanyika. Mafundi waligundua kwamba mtutu ukibanwa kidogo karibu na mdomo, marisau hutoka yakiwa yameshikana kwa umbali mrefu zaidi. Mbano huo ndio choki. Huko Uingereza W. R. Pape wa Newcastle alipata hataza yake mwaka 1866, na Marekani wapo wanaompa heshima hiyo mwindaji wa bata aitwaye Fred Kimble. Aliyeifanya choki iwe biashara ni W. W. Greener wa Birmingham, ambaye bunduki zake zilishinda majaribio ya hadhara ya mwaka 1875. Browning alikuwa kijana wa miaka 20 wakati huo.

Kinachoshangaza ni udogo wa kipimo chenyewe. Mtutu wa namba 12 una upana wa kama milimita 18.5. Choki kamili hubana kama milimita moja tu. Choki ya kati hubana nusu milimita, na iliyo wazi kidogo robo milimita. Usiobanwa kabisa huitwa silinda. Lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho. Wapimaji huweka karatasi kubwa umbali wa yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, wanapiga mara moja, kisha wanachora duara lenye upana wa sentimita 76 kuzunguka sehemu yenye matundu mengi. Choki kamili huingiza ndani ya duara karibu asilimia 70 ya marisau, ya kati 60, iliyo wazi kidogo 50, na silinda 40.

Mnunuzi asiye na uzoefu akisikia hivyo hukimbilia choki kamili, kama anayenunua lori kubwa kuliko mizigo yake. Umbali wa mita 18, ambako kwale wengi huruka wakifumaniwa kwenye majani, choki kamili hutoa kundi la marisau lenye upana wa sentimita 40 tu, na silinda karibu mara mbili ya hapo. Mwenye choki kamili ama anamkosa ndege kabisa, ama anampata na kubaki na manyoya na nyama iliyojaa risasi. Choki kamili ni ya bata wanaopita juu sana. Bata wanaotua karibu na maficho ya mwindaji wanahitaji ya kati. Kanga, mwenye tabia ya kutimua mbio kwanza kabla ya kuruka, naye ni wa choki ya kati. Kwale na tombo ni wa mdomo ulio wazi.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Kufikia mwaka 1900 Browning alikuwa na hataza ya shotigani inayojipakia yenyewe. Ukipiga, mtutu mzima unarudi nyuma kwa nguvu ya mlio, unatoa ganda, unaingiza risasi nyingine. Unapiga mara tano bila kuvuta wala kusukuma kitu. Risasi nyepesi na nzito hazirudishi mtutu kwa nguvu sawa, kwa hiyo aliweka pete za msuguano ambazo mwindaji huzipanga upya kulingana na risasi aliyonayo. Alijua amefika pahali ambapo hakuna mwingine aliyefika. Safari hii alimwambia Bennett hataki bei ya mkupuo. Anataka mrabaha, malipo kwa kila bunduki itakayouzwa.

Bennett aliahirisha, akaahirisha tena. Winchester haikuwa imezoea kumlipa mbunifu mrabaha, na kukubali kwa mmoja kungefungua mlango kwa wengine. Tena ilikuwa tayari na shotigani ya kusukuma ya mwaka 1897, iliyobuniwa na Browning huyohuyo, ambayo ilikuwa ikiuzwa vizuri. Kwa nini ishindane na mali yake yenyewe? Hesabu hiyo ina akili, msomaji, lakini ilisahau kwamba mwenye mali ana miguu. Mwanzoni mwa 1902 Browning aliichukua bunduki yake akaondoka. Akaenda Remington, na huko yakatokea yale tuliyoanza nayo.

Ilikuwa pigo. Alikuwa na mtambo usio na kiwanda, na soko la ndani halikuwa na kampuni nyingi za ukubwa ule. Lakini ng'ambo alikuwa na wenyeji. Kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji, kilikuwa kikitengeneza bastola yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1890 na kumlipa mrabaha bila mizozo. Mwezi Februari alipanda meli. Machi 24, 1902 mkataba ulitiwa saini: FN watatengeneza bunduki, yeye atalipwa kwa kila moja. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mkataba wenyewe. Aliagiza bunduki 10,000 za kwanza azipeleke kuuza nyumbani Marekani. Siku moja akawa mbunifu, mwenye hataza na mwagizaji wa mizigo kutoka nje. Kama zingekataliwa sokoni, hasara ingekuwa yake.

Hazikukataliwa. Zilianza kufika mwaka 1903 na zikaisha haraka. Kilichomkwamisha ni kitu ambacho wasomaji wa Namanga, Malaba na Rusumo hawahitaji kufafanuliwa: forodha. Marekani ilikuwa inalinda viwanda vyake kwa ushuru mkali, na bunduki nzuri iliyotoka Ubelgiji ilifika dukani ikiwa imebeba mzigo wa kodi ambao bunduki ya kiwanda cha jirani haikuubeba. Sisi tunaujua mtindo huo katika ushuru wetu wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambako malighafi huingia kwa asilimia sifuri na bidhaa iliyokamilika hutozwa 25 au zaidi. Browning hakupoteza miaka akilalamika. Aliwarudia Remington, ambao sasa walikuwa na uongozi mpya, akawapa leseni ya kuitengeneza bunduki ileile upande wa ndani wa mpaka. Kuanzia 1905 Remington wakawa wanaiuza Marekani kwa jina lao, FN wakabaki na masoko ya nje, na mrabaha ukamfikia kutoka pande zote mbili za bahari.

Winchester nao walijaribu kutengeneza ya kwao. Fundi wao, T. C. Johnson, alikuta njia zote zimezibwa na hataza za Browning, ikiwa ni pamoja na kile kishikio kidogo cha ubavuni cha kukoki. Bunduki yao ya mwaka 1911 ilibidi ikokiwe kwa kushika mtutu wenyewe na kuusukuma nyuma. Wako walioegemeza kitako chini na kusukuma kwa nguvu huku mdomo ukiwaelekea usoni, na risasi imo ndani. Wawindaji wakaibatiza jina la mfanya wajane.

Shotigani ya Browning, ambayo baadaye iliitwa Auto-5, ilikuwa na faida nyingine ambayo wengi hawakuifikiria mwanzoni. Mtutu mmoja una choki moja, na enzi hizo choki haikuwa ya kufungua kwa skrubu kama za leo. Ilichongwa ndani ya chuma. Mwenye bunduki ya kawaida alifungwa na uamuzi wa siku ya kununua. Lakini mtutu wa Auto-5 hutoka kwa kufungua kofia moja tu ya mbele. Mwindaji aliweza kuwa na bunduki moja na mitutu miwili, mrefu wenye choki kamili kwa ajili ya bata, mfupi wenye mdomo wazi kwa ajili ya kwale, na kubadilisha palepale porini.

Nyingi za bunduki hizo za Ubelgiji bado zinafanya kazi, na choki zake husomwa kwa alama za nyota zilizopigwa kwenye mtutu. Anayezoea nyota za hoteli atapotea hapa. Nyota moja ndiyo choki kamili. Nyota mbili ni ya kati. Nyota mbili zenye kistari ni iliyo wazi kidogo. Nyota tatu ni silinda, yaani hakuna choki kabisa. Hata hivyo alama haitoshi. Mitutu ile ya zamani ilichongwa kwa ajili ya risasi zilizotiwa vizibo vya karatasi na sufi, ambavyo viliacha marisau yatawanyike. Risasi za siku hizi zina kikombe cha plastiki kinachoyashika pamoja, hivyo mtutu wa nyota mbili unaweza kupiga kwa kubana kuliko ulivyokusudiwa. Na marisau ya chuma cha pua au chuma kingine kigumu yasipitishwe kabisa katika mitutu hiyo ya kale, kwani yanaweza kuiharibu. Njia ya uhakika ni ileile ya karatasi na duara, kwa risasi ileile utakayoitumia. (Niongeze, kwa kuwa najua ninaowaandikia: bunduki si gunia la maharage. Hakuna mpaka wetu inapovuka bila kibali cha pande zote mbili, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ililifanya jambo hilo kuwa la nchi zote za ukanda huu.)

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya melini na kwenye benchi la kazi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 na kuzitaka bunduki zake za rashasha, mtu huyu aliyemwacha Bennett kwa sababu ya mrabaha alikubali dola 750,000 kwa mkupuo, ingawa mrabaha ungemletea mara nyingi zaidi ya hapo. Hakuwa amebadilisha kanuni zake za biashara. Nchi yake ilikuwa vitani, na aliona mteja huyo si sawa na wengine. Matt, aliyeshika kopo la moto siku ile ya gobore, alifariki mwaka 1923.

Mwaka huo John alikuwa anashughulika na bunduki yake ya mwisho ya ndege. Bunduki za mitutu miwili ilipangwa ubavu kwa ubavu. Zile za mmoja juu ya mwingine zilikuwapo, lakini nyingi zilikuwa ghali na za kutengenezwa kwa matajiri. Yeye alitaka ya kiwandani, ya mtu wa kipato cha kawaida. Hapa choki ilipata suluhisho rahisi: mitutu miwili, choki mbili, uamuzi unabaki mikononi mwa mpigaji. Mtutu wa chini kwa kawaida ndio hutangulia, kwa kuwa uko karibu na bega na haupandishi sana mdomo, hivyo hupewa choki iliyo wazi kwa ndege aliye karibu. Wa juu hupewa choki ya kubana, kwa sababu mlio wa pili unamkuta ndege ameshakwenda mbali. Ndege wakiwa wanakuja kwa mpigaji badala ya kumkimbia, mpango unageuzwa.

Novemba 1926 alifika Liège. Ilikuwa safari yake ya 61 nchini Ubelgiji. Asubuhi ya tarehe 26 alikuwa kiwandani Herstal, katika chumba cha mwanawe Val aliyekuwa akifanya kazi huko. Alijisikia vibaya, akalazwa kwenye kochi, na moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 71 na hataza 128. Mwili wake ulirudishwa Marekani, akazikwa Ogden. Ile bunduki ya mitutu miwili ilikamilishwa na Val, ikaingia sokoni mwaka 1931 kwa jina la Superposed. Za kwanza zilikuwa na vifyatulio viwili, kimoja kwa kila mtutu, ili mwindaji achague choki kwa kidole wakati ndege ameshanyanyuka.